Kipimo Kabla ya Kombe

Katika michezo yote ambayo mwanadamu amejitungia ili kujaribu nguvu, akili na subira yake, hakuna ulio na haja kubwa ya kipimo kuliko mchezo wa kushindanisha vyombo vya tanga. Kwani mkimbiaji huja uwanjani na miguu aliyozaliwa nayo, na mcheza kandanda huupiga mpira uleule anaoupiga hasimu wake, lakini baharia huja na chombo, na chombo hununuliwa kwa fedha. Pasipo kanuni iliyo wazi juu ya urefu wa chombo, uzito wake, ukubwa wa tanga lake na vifaa vyake, ushindi humwendea mwenye mfuko mzito kabla upepo haujavuma, na fukara aliyejaliwa akili ya maji hurudi ufukoni na aibu isiyo yake. Rai yangu, ambayo nitajitahidi kuitetea kwa kadiri ya uwezo wangu, ni hii: yeyote atakayeanzisha mashindano ya matanga katika Ziwa Nyasa, ambalo ndilo bahari yetu sisi wa Nyanda za Juu Kusini, hana budi kuandika kanuni ya vyombo kwanza, na kanuni hiyo ikaze kila kinunuliwacho kwa fedha na iache huru kila kipatikanacho kwa maarifa.

Wapo watakaostaajabu kusikia habari za matanga kutoka Mbeya, mji uliokaa mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako mazungumzo ya kila siku ni viazi, mahindi, kahawa na bei ya mbolea. Lakini ashukaye kutoka Tukuyu kwenda Kyela, akaiacha migomba na kuingia katika mashamba ya kakao na mpunga, hufika Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 550 na kina cha mita 700 hivi, na hapo huona kwamba maji hayakuwa mbali nasi; ni sisi tuliokuwa mbali na maji. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, mafundi mashuhuri wa vyungu, huvipakia vyungu vyao katika mitumbwi na kuvipeleka soko la Lyulilo, vikubwa chini na vidogo juu, kwa hesabu ambayo kosa lake dogo ni hasara ya kazi ya siku nyingi. Watu wa namna hiyo hawahitaji kufundishwa na mgeni jinsi chombo kinavyokaa sawa juu ya maji. Walichokosa ni tanga, maana mitumbwi yao huendeshwa zaidi kwa kasia. Na upepo wanao wa kutosha, kwa kuwa tangu Mei hadi Agosti ule wa kusini-mashariki hulivumia ziwa kwa urefu wake, na mawimbi yaliyokusanya nguvu tangu mbali huja kuvunjika mbele ya Milima ya Livingstone.

Juu ya faida ya kipimo, mkulima wa viazi wa Uporoto anaweza kuwa mwalimu wetu sote. Ameijua lumbesa kwa miaka mingi, yaani gunia lililoongezewa kilemba juu, ambalo mnunuzi hulihesabu kuwa gunia moja na kulilipia bei ya gunia moja, ilhali limebeba jasho la gunia moja na nusu. Sheria ya vipimo iliyoweka kikomo cha kilo 100, na Wakala wa Vipimo aliyepewa kazi ya kuisimamia, havikuwekwa ili biashara ikwame. Viliwekwa ili mwenye nguvu asimpunje mnyonge kwa jina la mapatano. Mashindano ya vyombo visivyopimwa ni lumbesa ya majini: wote huitwa washindani, wote hupuliziwa kipenga kimoja, na mmoja wao amekwisha kubeba kilemba.

Ndugu zetu wa mwambao wana urithi mkubwa katika jambo hili, nao wastahili heshima yetu. Unguja, resi za ngalawa huwakusanya watu ufukoni kwa shangwe, na Lamu, majahazi na mashua hushindana wakati wa sherehe, na jina la chombo kilichoshinda hutajwa barazani kwa muda mrefu. Nahodha wa ngalawa, akiwa na mtumbwi mwembamba uliofungiwa mirengu na ndubi ubavuni, mlingoti mmoja na tanga la pembe tatu lililoshikwa na foromali, ana mambo tele ya kutafakari kabla ya kutweka: aifunge foromali mahali gani ili joshi isipande wala kushuka mno, alegeze demani kwa kadiri gani, amwambie nani akae juu ya mrengu wa upande wa upepo, na lini alirushie tanga maji ili nyuzi zake zikaze. Hayo yote ni ilimu ya kweli, na mtu huipata kwa miaka. Lakini mahali ambapo ukubwa wa tanga huachwa bila kikomo, ilimu hiyo hukutana na mpinzani asiye na ilimu yoyote ila shuka kubwa zaidi ya kitambaa na watu wengi zaidi wa kuikalia, na mara nyingi huyo ndiye atanguliaye. Sisi wa ziwani, tunaoanza leo bila mazoea ya zamani ya kutuzuia, tunayo bahati ya kulitengeneza jambo hili tangu msingi wake.

Mfano mzuri kuliko yote niujuao ni chombo kidogo cha watoto kiitwacho Optimist. Mwaka 1947, katika mji wa Clearwater, jimbo la Florida nchini Marekani, fundi wa vyombo aliyeitwa Clark Mills aliombwa abuni chombo ambacho mtoto na mzazi wake wangeweza kukiunda nyumbani kwa gharama isiyofika dola 50. Akabuni kisanduku chenye omo bapa, cha urefu wa mita 2.3 hivi, kilichotoka katika mabamba mawili ya plaiwudi ya futi nane kwa nne. Mafundi wa fahari hawakukiona kuwa kizuri, lakini kila seremala aliweza kukiunda, na kwa sababu hiyo kikaenea duniani kote, hata leo watoto wa nchi zaidi ya mia moja, wasiozidi umri wa miaka 15, hukutana wakiwa na chombo kimoja. Siri ya kuenea kwake ilikuwa wepesi wa kukiunda pamoja na ukali wa kanuni yake.

Tukitazame chombo hicho kikitayarishwa, maana hapo hekima ya kanuni hudhihirika kwa macho. Mlingoti mfupi husimamishwa katika tundu lake karibu na omo. Tanga la pembe nne, lenye eneo la mita za mraba 3.3 hivi, hufungwa mlingotini kwa vikamba vingi vidogo, kisha mti mwembamba wa mshazari huinuliwa kutoka mlingotini ili kuisukuma juu pembe ya nyuma ya tanga. Kanuni inasema kwamba nafasi kati ya tanga na mlingoti isizidi milimita 10, na kwamba tanga lisipande wala kushuka kupita alama zilizopigwa mlingotini. Inasema pia kwamba chombo kiwe na mifuko ya hewa ya kukifanya kielee kikipinduka, na chombo cha kutekea maji, na kamba ya kuvutia isiyopungua mita 8. Mwenye fedha nyingi, akifika hapo, fedha zake zimekwisha kazi.

Lakini mwenye maarifa kazi yake ndiyo kwanza inaanza. Vikamba vile vidogo, kila kimoja kikikazwa au kulegezwa kwa milimita mbili tatu ndani ya zile 10 alizoruhusiwa, hubadili umbo la tanga zima. Upepo ukiwa mwanana, mtoto huliachia tanga lake kitumbo kiasi ili likamate kila pumzi ipitayo; upepo ukizidi, hulivuta kuelekea ncha ya nyuma ya mti wake wa chini mpaka liwe bapa, lisije likamlemea na kumlaza majini. Tanga lenyewe humwambia alipokosea, kama anayo macho ya kulisoma: akiona mkunjo umetoka pembe ya juu ya nyuma ukashuka hadi pembe ya chini ya mbele, ajue ule mti wa mshazari umekazwa kupita kiasi, akiona mkunjo umetoka pembe ya juu ya mbele ukaenda pembe ya chini ya nyuma, ajue umelegea. Mtoto wa miaka kumi aliyefunzwa kuyatazama makunyanzi hayo, akayasahihisha kwa kuvuta kikamba kimoja, amejifunza jambo la umbo, nguvu na kipimo ambalo ubao wa darasani humfikishia kwa taabu.

Husemwa mara kwa mara kwamba kanuni kali huua ubunifu, na walisemao hilo si wajinga. Yafaa tuwajibu kwa mfano. Mkanada Bruce Kirby alichora mwaka 1969 chombo cha mtu mmoja kilichopata umaarufu kwa jina la Laser, chenye urefu wa mita 4.23 na tanga moja la mita za mraba 7.06, kikaanza kuuzwa mwaka 1971 na kuingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1996. Kanuni yake ni ya namna iliyofungwa, maana yake kila kisichoruhusiwa kwa maandishi kimekatazwa. Kwa miaka mingi kanuni hiyo haikuruhusu gofia za kutosha za kuvutia kamba za tanga, na siku za upepo mkali mikono ya mabaharia ilishindwa. Walifanya nini? Walifunga vitanzi katika kamba yenyewe, wakaipitisha kamba katika kitanzi chake, ikarudi na kupita tena, mpaka kitanzi kikafanya kazi ya gofia na nguvu ya mkono mmoja ikawa kama ya mikono kadha. Mabaharia wa mabara yote walifundishana mafundo hayo ufukoni bila malipo, na kanuni ilipolegezwa mwaka 2001 ili gofia zaidi ziruhusiwe, walikuwa wamekwisha kuthibitisha kwamba akili iliyowekewa mpaka haifi. Huchimba palepale ilipozuiwa. Kilichozuiwa na kanuni kilikuwa ununuzi, na ubunifu ukabaki hai.

Na atakaye kuona mashindano yaendavyo pale mpaka unapokuwa na mashaka, akumbuke mashindano ya matanga ya Kombe la Amerika ya mwaka 1988. Wanyuzilandi walikuja na merikebu ya mkuku mmoja yenye urefu wa futi 90 kwenye mstari wa maji, na Wamarekani, kwa kuwa maandishi ya kale ya kombe hilo hayakuwakataza bayana, wakawajibu kwa chombo chepesi cha magamba mawili. Mbio zote mbili zilikwisha kwa ushindi wa Wamarekani ambao hakuna aliyeushangaa, kisha mabishano yakahamia mahakamani na kudumu huko hadi mwaka 1990. Mali nyingi ilitumika, watu hodari walifanya kazi, na mpaka leo hakuna ajuaye kwa yakini nani kati yao alikuwa baharia bora.

Hata hivyo kanuni kali nayo ina hatari yake, na asiyeisema hiyo huificha nusu ya ukweli. Kanuni inaweza kuandikwa kwa namna ambayo kila mlingoti, kila tanga na kila kipande cha chuma lazima kinunuliwe kwa mtengenezaji aliyeidhinishwa. Hapo usawa hupatikana, lakini ni usawa wa wale waliomudu kuingia mlangoni. Chombo hichohicho cha Kirby kilipatwa na fitina hiyo mwaka 2019, wakati chama cha mabaharia wake kilipovunja mapatano na mmoja wa watengenezaji wakubwa, na kwa kuwa jina la biashara halikuwa mali ya chama, vyombo vikalazimika kushindana kwa jina jingine, ILCA. Fundisho lake kwetu ni dhahiri: tusiandike kanuni inayotaja duka. Tuandike kanuni inayotaja kipimo, ambacho seremala wa Mafinga aweza kukifikia kwa randa na msumeno sawasawa na kiwanda cha ng'ambo.

Hapa ndipo Iringa inapoingia katika shauri hili pamoja na Mbeya. Msitu wa Sao Hill, wilayani Mufindi, ndio msitu mkubwa kuliko yote ya kupandwa katika Tanzania, na kutoka huko misindano huteremshwa kila siku kuwa mbao, nguzo na mabamba ya plaiwudi. Vyuo vya VETA vipo Mbeya na Iringa, na vijana wake wa useremala wanahitaji kazi ya kupima ustadi wao zaidi kuliko stuli na fremu za milango. Mianzi ya Iringa, ambayo twaijua zaidi kwa ulanzi wake, yafaa kujaribiwa kuwa miti ya kushikia tanga. Kutoka Mafinga hadi Matema ni safari ya barabara ya siku moja. Mbao, fundi, upepo na vijana wapo. Kinachokosekana ni ukurasa mmoja wa karatasi.

Ukurasa huo ningependa uandikwe kwa Kiswahili chepesi, na useme mambo machache yasiyo na utata. Chombo kisizidi urefu wa mita 3, na kiundwe kwa mbao au plaiwudi iliyogundishwa kwa gundi isiyoharibiwa na maji. Uzito wake usipungue kiasi kitakachotajwa. Nasisitiza usipungue, kwa sababu wepesi ndicho kitu cha kwanza ambacho fedha hununua, na aliyeunda chombo chepesi mno aongezewe farumi, yaani uzito wa ziada, mpaka alingane na wenzake. Tanga liwe moja, lipimwe kwa futi katika kila ukingo wake, na lisibadilishwe katikati ya msimu. Mlingoti na miti yake iwe ya mti au mwanzi, wala isiwe ya madini wala ya nyuzi za ghali. Gofia zisizidi mbili. Baada ya hapo kamba ziachwe huru: aina ya kamba, mahali pa kuifunga, fundo la kuifungia, kiasi cha kuivuta, mwinamo wa mlingoti na mahali pa kukaa. Na panapotokea mfadhili wa kutoa vyombo kadha, vigawiwe kwa kura asubuhi ya mashindano na kubadilishwa kati ya duru na duru, ili ubaya wa chombo kimoja usimwangukie mtu mmoja mchana kutwa.

Kanuni hiyo iwe na sehemu ya pili isiyojadiliwa, nayo ni ya uhai. Ziwa Nyasa si bwawa la kuchezea. Mwaka 1946 meli ya Vipya ilizama humo katika dhoruba, na watu 145 wakapoteza maisha; nayo ilikuwa meli ya chuma yenye injini na mabaharia wa kazi. Kwa hiyo jaketi la kuelea liwe sharti kwa kila mshindani, mtoto kwa mtu mzima, mifuko ya hewa ifungwe ndani ya kila chombo, njia ya mashindano ipite karibu na ufuko, mashua ya injini iwe tayari, na upepo ukipita kiasi mbio ziahirishwe bila kuona haya. Wapo wanaopendekeza bwawa la Mtera kwa kuwa ni karibu na Iringa mjini. Lakini Mtera ina mamba na viboko, na mtoto ajifunzaye tanga hana budi kupinduka mara nyingi kabla ya kuhitimu. Matema ndipo mahali petu.

Yabaki shauri la gharama, ambalo ni zito na halifai kupuuzwa. Mzazi wa Kyela atauliza kwa haki kwa nini mbao zitumike kwa mchezo ilhali shule ina upungufu wa madawati. Nami namjibu kwamba katika michezo ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA tumekubali, kwa hekima, kuwa mtoto hufunzwa tabia kwa kucheza, na kwamba mchezo huu una ziada juu ya tabia: humfunza useremala, ushonaji, hesabu, hali ya hewa na kuogelea, mambo ambayo mtoto wa ufukoni atayahitaji awe mvuvi, fundi au msafiri. Chombo kimoja kilichoundwa vema na kutunzwa chaweza kutumiwa na watoto wengi kwa zamu kwa miaka kadha, na sharti la kwamba hakuna atakayeruhusiwa kukiongezea kifaa cha ghali ndilo litakalofanya gharama yake isipande mwaka hadi mwaka. Kanuni ya vyombo, kwa maana hiyo, ni ulinzi wa mfuko wa mzazi kabla ya kuwa ulinzi wa haki ya mshindi.

Lipo jambo jingine la thamani kuliko fedha. Katika mchezo wa matanga hakuna refa anayekimbia ubavuni mwa kila chombo. Desturi yake tangu zamani ni kwamba mwenye chombo mwenyewe ana wajibu wa kuhakikisha kuwa chombo chake kinatimiza kanuni wakati wote wa mashindano, si saa ya kupimwa tu. Mpimaji hupima asubuhi, kisha mshindani huenda mbali na macho ya watu akiwa na dhamiri yake na kamba zake. Aliyefunga tanga lake milimita 12 kutoka mlingotini, ilhali kanuni yasema 10, huenda asionekane na yeyote, na kwa hiyo adili yake hujaribiwa hapo kwa namna ambayo mitihani yetu mingi haiwezi kumjaribu. Taifa linalolalamika kila siku juu ya mizani iliyochezewa, lumbesa iliyofichwa usiku na tenda zilizopindishwa, lafaidika nini kuliko kupata vijana waliozoea, tangu utoto, kukipima kilicho chao wenyewe na kukipunguza kilichozidi?

Basi watakaokaa kuandaa mashindano ya kwanza ya matanga pale Matema, wawe ni halmashauri, shule, makanisa, au wafanyabiashara wenye nia njema, nawasihi wasianze kwa kombe, fulana na wageni waalikwa, mambo ambayo sisi hatujapata kuyakosa katika shughuli zetu. Waanze kwa kumteua mpimaji mmoja mwaminifu asiye na chombo wala jamaa katika mbio zile, wampe futi, mizani na ule ukurasa mmoja wa kanuni, na wamruhusu kumzuia yeyote, awe mtoto wa mvuvi au wa mheshimiwa, ambaye tanga lake limezidi hata kwa upana wa kidole. Wakilifanya hilo mwaka wa kwanza, mbele ya watu wote na bila upendeleo, mwaka wa pili watoto watakuja wenyewe na vyombo vilivyopimwa tangu nyumbani, na atakayeshinda atakuwa ameshinda kweli.